Mikanda ya harusi inaota koga, na sisi tunaogopa kuitoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze jambo ambalo nadhani limo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, ingawa halisemwi hadharani kwa kuwa linahusu mambo ya ndani. Mikanda ya video ya harusi zetu, hasa ile iliyopigwa upande wa wanawake, inaharibika makabatini, na kinachotuzuia kuiokoa si uzembe wala ukosefu wa fedha peke yake, bali ni kukosa pahala pa kuipeleka bila ya kuvunja stara.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Wete. Baada ya msiba wa mama mkwe wangu tulikusanyika, mawifi zangu watatu na mimi, kukitengeneza chumba chake, na juu ya kabati, shibiri mbili tu chini ya bati, tukakuta kaseti tisa za VHS zimefungwa ndani ya kanga. Nne zilikuwa zimeandikwa "Harusi" bila ya jina wala mwaka. Mbili zilikuwa salamu za jamaa walioko Maskati, maana kabla ya simu hizi za leo watu walikuwa wakikaa mbele ya kamera wakaeleza habari zao, kisha mkanda ukatiwa ndani ya mzigo wa nguo ukaletwa na msafiri. Moja ilitoka Kanada, moja ilikuwa ya maulidi yaliyofuatiwa na mchezo wa mpira, na ya tisa ilikuwa na neno moja tu la kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe: "Usifute." Ukiielekeza hiyo kwenye mwanga, ndani ya kile kidirisha cha plastiki unaona utando mweupe umekaa ukingoni mwa mkanda mithili ya unga wa muhogo. Hiyo ni koga. Kaseti moja ya harusi nayo ilikuwa katika hali hiyo hiyo.

Mpwa wa mume wangu, kijana anayejua kompyuta, alipendekeza tuzipeleke mjini kwa watu wanaohamisha mikanda kwenye flashi. Wifi yangu mkubwa alikataa hata kabla kijana hajamaliza kusema, na mimi nilikuwa upande wake. Msomaji asiye wa huku huenda akaliona hilo kuwa ni ukaidi wa watu wazima, kwa hiyo ni vyema nieleze. Mikanda ile ina usiku wa hina, ina kuoneshwa bi harusi, ina ngoma za ndani ambapo wanawake wamevua mabuibui, wamejifunga kanga, wanacheza wanavyojua. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamke mwenzetu, aliyekodiwa kutoka Chake Chake kwa sababu hiyo hasa. Waliopigwa waliridhia kupigwa kwa ajili ya macho ya wanawake wenzao, na baadhi yao hivi sasa ni mabibi wenye wajukuu, wengine wametangulia mbele ya haki na hawawezi tena kuulizwa. Mkanda huo ni amana. Kumkabidhi kijana wa kiume asiyejulikana, akae nao saa tatu mbele ya kioo, ni kuivunja amana hiyo hata kama kijana mwenyewe ni mwema.

Na si wote walio wema. Jirani yangu mmoja, ambaye sitamtaja, aliupeleka mkanda wa harusi ya bintiye kwenye kibanda fulani, nacho sitakitaja. Alirudishiwa kaseti yake na flashi, akafurahi. Miezi michache baadaye kipande cha dakika mbili cha shangazi yake akicheza kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watu. Nani alikitoa haikujulikana, kwani nakala ilibaki kwenye kompyuta ya kibandani na waliopita hapo ni wengi. Jirani yangu aliichukua kaseti, akaitia moto nyuma ya nyumba, na najua nyumba nyengine mbili zilizofuata mfano wake.

Uchungu wao naufahamu, lakini uamuzi wao siuungi mkono, kwa sababu katika mikanda hiyo mna nyuso na sauti ambazo hazimo katika picha yoyote ya karatasi. Nyimbo za ndani tulizoimbiwa sisi, wasichana wa leo hawazijui. Namna bi harusi wa Kipemba alivyopambwa kabla ya saluni haikuandikwa kitabuni kwa ukamilifu unaoonekana pale. Ila ni lazima niseme pia kwamba kuiacha kaseti juu ya kabati ni kuichoma vile vile, isipokuwa moto wake ni wa polepole.

Mkanda wa video ni utepe mrefu wa plastiki, upana wake kiasi cha nusu inchi, uliopakwa chembe ndogo sana za oksaidi ya chuma zilizoshikishwa kwa gundi, na picha yetu yote imo katika usumaku wa chembe hizo. Gundi hiyo hunyonya maji yaliyomo hewani. Wataalamu wa hifadhi hupendekeza mikanda iwekwe pahala pakavu, unyevu wa hewa usizidi sana asilimia 40, na joto liwe nyuzi 20 au chini yake. Sisi wakati wa masika unyevu wetu hupita asilimia 80, na joto la chini ya bati kila mtu analijua. Gundi ikishalewa maji hulainika, chembe hunata kwenye vichwa vya deki, yaani sehemu zinazosoma picha kutoka kwenye mkanda, na koga nayo hupata chakula. Kwa hiyo kaseti iliyokaa miaka 30 katika kabati la Wete isilinganishwe na iliyokaa miaka hiyo hiyo katika nchi kavu na ya baridi.

Hata mkanda ukisalimika, deki itatoka wapi? Kampuni ya Funai ya Japani, iliyohesabiwa kuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilisita mwezi wa Julai 2016. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba mikanda ambayo haitakuwa imehamishwa kufikia mwaka 2025 huenda ikapotea moja kwa moja, kwa kuwa mashine, vipuri na mafundi vitakuwa vimekwisha. Mwaka huo tumeshaufikia. Hapa kwetu mafundi wa deki waliokuwa wakikaa na bisibisi zao vibarazani wamehamia kwenye simu, na deki nyingi zilizoletwa na jamaa wa Arabuni katika miaka ya 1980 na 1990 zimekwenda jalalani au zimegeuzwa viti vya televisheni mpya. Nasema haya kwa masikitiko ya mtu anayekumbuka kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi mwaka 1994 kupata yoyote. Tulitangulia kupiga na kutazama, lakini kuhifadhi hatukulitilia maanani.

Basi tuliamua kazi ifanyike nyumbani. Nitaeleza tulivyofanya, pamoja na makosa yetu, kwa kuwa huenda mwengine akafaidika.

Deki tuliipata kwa shemeji yangu Mtambwe, iko ndani ya mfuko tangu zamani. Jambo la kwanza lilikuwa kutotia mkanda wetu wowote wa maana ndani yake. Mpwa wangu alifungua mfuniko, akaisafisha ile ngoma ya vichwa inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi iliyoloweshwa spiriti safi. Karatasi aliishikilia bila ya kuisogeza, akaizungusha ngoma yenyewe kwa kidole, taratibu. Pamba haifai, kwani nyuzi zake hunasa kwenye vichwa na kuving'oa. Kaka yangu zamani alikuwa akisafisha kwa pamba na marashi, na sasa nimejua kwa nini deki zetu zilikuwa hazidumu.

Kisha tukaijaribu kwa mkanda wa maulidi na mpira, ambao hauna siri. Picha ilikuwa na chenga kidogo, ikatulia ilipotengenezwa trakingi, yaani kuvilinganisha vichwa na njia ya picha iliyomo mkandani. Tatizo lilijitokeza kwenye kompyuta: kile kifaa kidogo cha bei nafuu cha kunasia picha kiliruka fremu, yaani baadhi ya picha, kila mkanda ulipoyumba, na baada ya nusu saa sauti na picha zilikuwa zimeachana, kelele za goli hazilingani na mpira unaoonekana. Dawa yake ilikuwa kuipitisha picha kwanza ndani ya mashine ya zamani ya kurekodia DVD, ambayo husawazisha mtiririko kabla haujafika kwenye kompyuta. Baada ya hapo sauti na picha zilikwenda pamoja hadi mwisho.

Ulipofika wakati wa mikanda ya harusi, kijana alitufundisha vitufe vitatu tu, cha kuanza, cha kusita na cha kuhifadhi, akatoka, tukafunga mlango. Mawifi zangu na mimi tulikaa saa tatu kwa kila kaseti, maana mkanda wa saa tatu hauna njia ya mkato, lazima uchezwe wote kwa mwendo wake. Nilidhani tutachoka, lakini hizo ndizo saa zilizokuwa na faida kuliko zote. Wifi mkubwa alikuwa akitaja majina na mimi nikiandika daftarini pamoja na dakika: huyu anayepiga kigoma ni nani, yule aliyesimama mlangoni ni mtoto wa nani, wimbo huu alikuwa akiuanza nani. Katika dakika ya 52 ya kaseti ya pili mama mkwe anapita na sinia la haluwa, anageuka, anamwambia mpiga video, "Mimi usinipige, sijavaa," na kumbe kavaa vizuri kuliko sote. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Bila ya daftari lile, miaka 20 ijayo faili litakuwepo na hakuna atakayejua linaonesha harusi ya nani.

Kaseti ya Kanada nusura tuitupe. Ilitoa picha isiyo na rangi inayorukaruka, tukahukumu kwamba imeoza. Mpwa wangu ndiye aliyetueleza kwamba kule wanatumia mfumo wa picha za televisheni uitwao NTSC, wenye mistari 525 katika kila picha, wakati sisi ni watu wa PAL yenye mistari 625, na deki yetu haiujui mfumo ule. Mkanda ni mzima kabisa, unasubiri deki inayosoma mifumo yote miwili. Wenye jamaa Marekani na Kanada wasiwe na haraka ya kutupa.

Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi. Nyakati za majenereta ya Wesha, kabla ya Pemba kuletewa umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, tungeona jambo la kawaida, lakini safari hii lilitufunza kitu: mara ya kwanza tulikuwa tunarekodi katika faili la MP4, na umeme ulipokatika deki ikazima, kompyuta ikazima kwa kuwa betri yake ni mbovu, faili lote la saa moja na nusu likakataa kufunguka. Tukahamia kwenye MKV, aina nyengine ya faili la video ambayo husomeka hata kurekodi kukikatishwa katikati, na mara ya pili tulipoteza sekunde chache tu.

Mikanda miwili yenye koga hatukuicheza. Koga ikiingia ndani ya deki hubaki kwenye vichwa na kuhamia kwenye kila mkanda utakaofuata, na vumbi lake si zuri kwa kifua. Jirani alitushauri tuianike juani. Namheshimu, lakini mkanda si muhogo wala karafuu, jua huukunja plastiki na haliondoi koga iliyozama katikati ya msokoto. Wala usiuzike ndani ya mchele, kwani mchele una vumbi lake. Tumezitia kila moja kwenye mfuko wake, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, tukazisimamisha wima katika kopo la biskuti lenye mfuniko mkali. Koga ikikauka hulala. Kuitoa ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Ama kuhusu kutunza kilichokwisha kuhamishwa, hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya, na nakala moja kwenye flashi ndiyo udanganyifu mkubwa kuliko wote. Flashi hupotea, hukanyagwa, na ikikaa muda mrefu bila ya kuchomekwa inaweza kupoteza kilichomo bila ya kutoa dalili. DVD za kuchoma nyumbani nazo rangi yake hufifia, na katika hewa yetu nimeona zikikataa kusomeka zikiwa na umri mdogo kuliko wajukuu zangu. Kutumiana kwa WhatsApp si kuhifadhi, kwa kuwa video hubanwa mpaka uso wa mtu unakuwa vijisanduku. Sisi tumeweka nakala kubwa, isiyobanwa sana, ambayo kwa saa moja ya mkanda huchukua kiasi cha gigabaiti 13, kwenye diski ngumu mbili za kampuni tofauti. Moja iko Wete na moja iko kwa binti yangu Unguja, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasimalize yote. Nakala ndogo ya kutazamia iko mbali na hizo. Kila baada ya Idi Kubwa tutazifungua zote mbili tuhakikishe zinasomeka, na diski ikifika miaka mitano tutainunulia ya kuirithi. Kaseti zenyewe hatukuzitupa, wala nisingemshauri mtu azitupe, kwani huenda kesho kukapatikana mashine bora ya kuzisomea.

Hapa stara na hifadhi zinagombana, nami sidhani ugomvi huo una dawa ya mkato. Ukitaka kitu kisipotee, nakala ziwe nyingi. Ukitaka kisionekane na asiyestahiki, ziwe chache. Faili za harusi tumezifunga kwa neno la siri, lakini neno la siri akilijua mtu mmoja naye akafa, ni sawa na mkanda uliochomwa. Tumeliandika kwenye karatasi mbili, kila moja ndani ya bahasha iliyogundishwa, moja ikawekwa pamoja na hati za shamba, nyengine ikakabidhiwa wifi mdogo. Simu zinazopakia picha zenyewe kwenye intaneti tumezipiga marufuku kuunganishwa na diski hizo.

Si kila familia ina mpwa wa namna hii wala shemeji mwenye deki mfukoni, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Pale Kilimani tuna jengo la Nyaraka za Taifa linalotunza hati za zama za masultani na za Waingereza, na shirika letu la utangazaji lina watu waliofanya kazi na mikanda kwa umri wao wote. Ninachoomba si kikubwa: chumba kimoja Unguja na kimoja Pemba, kila kimoja kiwe na deki mbili zilizo hai, moja ikiwa ya kusoma mifumo yote, mashine ya kusafishia mikanda yenye koga, na siku maalumu katika wiki ambazo wafanyakazi wake ni wanawake watupu. Familia ije na kaseti yake, ikae humo humo kazi ikifanyika, iondoke na nakala yake, na chumba kisibaki na chochote isipokuwa kwa hati ya maandishi inayoeleza nani aruhusiwe kutazama na baada ya miaka mingapi. Ada iwepo, na nina hakika italipwa. Mafunzo ya kufanya kazi hii hayazidi uwezo wa wasichana wetu wanaomaliza vyuo, lakini wanaoweza kuwafundisha kutengeneza deki wanazeeka, na baadhi yao ninawazika.

Jengo la kihistoria la Beit al-Ajaib, pale Mji Mkongwe wa Unguja, lilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 sote tuliliona, likaandikwa, na fedha za kulijenga upya zikazungumzwa. Kaseti ikifa ndani ya kabati hakuna anayesikia.

Kikipatikana chumba hicho, deki ya shemeji yangu tutaitoa kwa mkopo, naye amekubali. Na kaseti ya kwanza kuletwa kutoka Wete itakuwa ile ya wino mwekundu, ambayo mpaka leo hakuna miongoni mwetu anayejua ina nini.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.